Utah wamelegeza mitara tangu 2020, lakini bi mdogo bado haingii Marekani. Hawa wanaoipigia kampeni wanalijua hili?

#1 MkalimaniOhio

Wakuu, salaam zenu.

Mimi ni mkalimani, niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu. Kazi yangu ni kukaa katikati: mzee wa Kikongo huku na daktari kule, au Mzigua aliyetokea Somalia huku na wakili wa uhamiaji kule. Nasikia mengi, nabeba mengi, na mengi nakufa nayo. Hili nimeshindwa.

Mzee mmoja (mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike, msinichimbe) tulikuwa tunapitia naye fomu ya kuomba uraia, ile N-400. Tukafika kwenye swali: umewahi kuwa kwenye ndoa na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja? Nikamtafsiria. Mzee akatulia, akauliza: "Kwa wakati mmoja maana yake siku moja au nyumba moja? Maana mimi kila mmoja nilimjengea yake." Wakili ananitazama, anasubiri tafsiri. Nikatafsiri. Hakucheka hata kidogo, akaweka kalamu chini.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Kwanza, sheria hizi hazikutungwa kwa ajili yetu. Walengwa walikuwa Wamormoni, dhehebu la huko Utah. Bunge la Marekani lilipiga marufuku mitara mwaka 1862 kwenye maeneo yaliyokuwa chini ya serikali kuu, Wamormoni wakaenda mahakamani wakidai ni ibada, na mwaka 1879 Mahakama Kuu ikawajibu kwenye kesi ya Reynolds kwamba kuamini ruksa, kutenda hapana. Ila humo humo majaji wakaandika kuwa kabla ya Wamormoni jambo hili lilikuwa karibu ni la watu wa Asia na Afrika pekee. Yaani tulishatajwa kwenye hukumu kabla hatujaomba viza.

Kanisa likasalimu amri mwaka 1890. Mwaka uliofuata, 1891, sheria ya uhamiaji ikaweka wenye mitara kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia. Mwaka 1907 wakaongeza makali, ikawa hata ukikiri tu kwamba unaamini mitara unarudishwa bandarini. Mwaka 1990 wakalegeza maneno, siku hizi anayezuiwa ni mhamiaji "anayekuja kuishi mitara". Utah yenyewe ilikubaliwa kuwa jimbo mwaka 1896 kwa sharti kwamba katiba yake itakataza mitara milele.

Sasa kampeni. Kody Brown na wake zake wanne waliishtaki Utah, na mwaka 2013 Jaji Clark Waddoups akasema kile kipengele kinachoadhibu watu kwa kuishi pamoja tu kinavunja katiba. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo, kwa maelezo kwamba familia ile haikuwa tena hatarini kushtakiwa. Kampeni ikahamia kwa wabunge. Mwaka 2020 Seneta Deidre Henderson akapeleka muswada, ukapita, gavana akasaini: watu wazima walioridhiana, kilichokuwa kosa la jinai la hadi miaka mitano jela kikawa kosa la faini, halizidi dola 750. Hoja yake ilikuwa kwamba tishio la jela linawafanya wanawake wanaoteswa waogope kwenda polisi. Palipo na kulazimisha au udanganyifu, jela ipo pale pale.

Mwaka huo huo, Juni, mji wa Somerville kule Massachusetts ukapitisha kanuni ya ushirika wa nyumbani, yaani wanaoishi pamoja watambuliwe bila ndoa. Rasimu ilisema watu wawili, diwani mmoja akauliza kwa nini wawili, wakafuta. Ilikuwa wakati wa korona, watu wanahangaika na bima na kuruhusiwa kumwona mgonjwa hospitali. Cambridge wakafuata mwaka 2021.

Hao wa Massachusetts hata neno mitara hawalitumii, wanalikimbia kama moto. Nimesikiliza wa Utah, nimesikiliza na hawa. Wanataka wasifungwe, wasifukuzwe nyumba, wawe na bima. Kuhusu mpaka, kimya. Na uhamiaji si mali ya jimbo wala ya mji, ni mali ya Washington. Utah wakitaka wafanye kila Jumamosi iwe sikukuu ya mitara, ofisa wa ubalozi Dar au Nairobi anafungua kitabu kile kile.

Hoja yangu ni hiyo. Anayepigiwa kampeni tayari yuko ndani ya nyumba, na yule aliyeachwa nje ya geti hana anayemtaja. Tujadili, matusi hapana.

#2 KisukiCha_Nazi

Mmoja tu ananihesabia hadi vijiti vya kiberiti. Nyie mnataka wanne na pasipoti juu yake. Napita.

#3 WakiliPori

Mleta uzi kaandika vizuri, ila naongeza nyama kwa watakaosoma bila kuelewa wapi panauma.

Marekani wanaangalia ndoa ilifungwa wapi na kama ilikuwa halali huko. Mtu wa Tanga ana wake wawili, ndoa zote halali kwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa macho ya uhamiaji wa Marekani, ya kwanza ni ndoa. Ya pili ni kama haikufungwa, hata uwe na cheti chenye mhuri wa rangi tatu.

Wengi wanakwama hapa: jamaa akimwacha bi mkubwa, ile ndoa ya pili haifufuki yenyewe. Lazima amwoe upya bi mdogo, baada ya talaka. Nimeona watu wametoa talaka Machi, wakaenda ubalozini na cheti cha ndoa ya pili cha miaka kumi nyuma, wakashangaa kurudishwa.

Kingine ni "talaka ya karatasi". Unamwacha bi mkubwa kwa makubaliano, unampeleka bi mdogo, fedha za matumizi unaendelea kutuma na likizo unafikia kwa yule yule "uliyemwacha". Usidhani hawaulizi. Kwenye uraia wanatazama mwenendo wa miaka mitano nyuma, na aliyeishi mitara ndani ya kipindi hicho anakosa sifa ya tabia njema kwa mujibu wa kanuni zao. Kudanganya kwenye fomu ni kubaya zaidi, hilo linaweza kukufungia mlango moja kwa moja. Bora mitara kuliko uongo kuhusu mitara.

#4 KivuKwetu

Bandugu, jambo. Kiswahili changu ni cha Uvira na cha Kasulu, mnivumilie.

Mimi ni mutoto wa bibi wa pili. Kwetu Kongo Kodi ya Familia, ndiyo sheria ya familia, ya 1987 inakataza mwanaume kuoa tena kabla ndoa ya kwanza haijavunjika, lakini kijijini nani alikuwa anaisoma? Baba alikuwa na bibi wawili, mama mukubwa na mama yangu. Tulikimbia wote pamoja, tukavuka ziwa wote pamoja, tukaingia kambi ya Nyarugusu wote pamoja. Kwenye kuandikishwa ndipo tulipokuwa familia mbili. Baba na mama mukubwa kadi moja ya chakula. Mama na sisi sita kadi nyingine. Mwanzoni tulifurahi, tulisema kadi mbili ni unga mwingi.

Miaka ikapita, ikaja mambo ya kwenda Amerika. Wakamuita baba, wakamueleza vizuri, bila ukali: utakwenda na bibi mmoja. Yule mwingine anaweza kuwa na kesi yake mwenyewe, na itatazamwa kivyake. Baba aliporudi kwenye nyumba hakula siku mbili. Mama ndiye alimwambia, nenda na mkubwa, ana sukari, hapa dawa inakatika. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilikuwa nimelala chini ya turubai nasikia.

Walipanda basi alfajiri. Baba alikuwa amevaa suti ya padri mmoja.

Sisi tulifuata baada ya miaka mitatu, kesi ya mama, tukatupwa jimbo lingine kabisa, saa kumi na mbili kwa gari kutoka kwa baba. Kwenye karatasi mama ni mwanamke asiye na bwana. Baba akija kututembelea anafikia hoteli, kwa sababu mtu mmoja alimuogopesha kwamba wanachunguza. Wazee wa miaka sitini wanakutana kwenye hoteli kama vijana wanaojificha.

Naomba ninyi wasomi mniambie. Hao watu wa Utah wanajua kwamba kuna watu kama mama?

#5 KisukiCha_Nazi

Mkuu Kivu, nafuta kicheko changu cha juu. Pole sana.

#6 BintiPangani

Ngoja niwe mbaya wa uzi huu.

Mnaongea kama vile bi mdogo ndiye mwenye kuonewa peke yake. Mimi ni bi mkubwa. Miaka kumi na minne ya ndoa, Tanga mjini, niliuza samaki kumsomesha mume mpaka akamaliza chuo. Akaongeza mke mwaka wa kumi na mbili. Sheria ya 1971 ilinipa nafasi ya kuweka pingamizi, kifungu cha 20, kwamba kipato chake kitatuletea shida mimi na watoto. Sikujua. Mnajua wanawake wangapi wanakijua? Nimekuja kukisoma wakati ndoa ya pili imeshapata mtoto anayetembea.

Kisha akapata mpango wa Marekani. Mmoja tu anaingia. Nikasema sawa, mimi ndiye wa kwanza, hata sheria yao inanitambua mimi. Talaka ililetwa na kijana wa bodaboda, kwenye bahasha ya kaki. Akamwoa upya yule mdogo, wakaondoka, leo wanapiga picha kwenye theluji.

Kwa hiyo msiniambie sheria ya Wazungu inalinda mke wa kwanza. Na msiniambie pia kwamba wakihalalisha mitara nitanufaika. Mimi nataka kujua lini mtu ataanzisha kampeni ya bi mkubwa.

#7 MkalimaniOhio

Dada BintiPangani, pole, na ulichoandika kimebomoa nusu ya uzi wangu, nakubali.

Nilikuwa nafikiria sheria hii kama ukuta unaomzuia bi mdogo. Kumbe ni mizani iliyokabidhiwa mkononi mwa mume. Wanamwambia chagua mmoja, na hawamuulizi kwa nini kachagua huyu. Mwenye moyo kama baba yake Kivu atachagua mgonjwa. Wa kwako akachagua sura.

Kipande kimoja ambacho Wakili hakukigusa: watoto. Mtoto wa bi mdogo ni mtoto wa baba yake, hilo hawalikatai, anaweza kuombewa kama baba atathibitisha, mara nyingi kwa vipimo vya DNA, na kwamba alikuwa akimlea. Mkimbizi aliyefika ana miaka miwili ya kuwaombea mke (mmoja) na watoto. Matokeo yake nimeyakalimani mara nne: mtoto anakuja, mama yake anabaki, anapokelewa na bi mkubwa asiyemjua. Au mtoto anajua kabisa, na hapo ni pabaya zaidi. Mama huyo akitaka kuja kupitia kwa mtoto asubiri mtoto afikishe miaka 21, awe raia, ndipo amwombee kama mzazi. Mtoto wa miaka minne, hesabu mwenyewe.

#8 MamaZuu_Leicester

Habari zenu wanangu. Huku Uingereza mambo ni ya ajabu zaidi, wacha niwachekeshe kwa uchungu.

Sheria ya Uhamiaji ya 1988 na kanuni zake haziulizi nani aliolewa kwanza. Zinauliza ni mke gani ametangulia kufika au kupewa viza ya kuja kama mke. Huyo akishaingia, mwenzake hapati viza ya mke, awe wa kwanza, wa pili au wa nne. Anayewahi kushuka ndege ndiye mke! Safari ya matembezi tu haihesabiki. Kuna mzee wa Kizanzibari, rahimahullah, alikuwa akisema Heathrow ndiyo msikiti wa ndoa.

Kuna na mtego wa makazi ya kudumu. Mtu aliyehamia Uingereza moja kwa moja, akarudi Mombasa kuongeza mke, sherehe, pilau, kadhi, kila kitu: ndoa hiyo kwa sheria ya Uingereza ni batili tangu asubuhi yake, kwa sababu yeye tayari ni mtu wa huku. Vijana wengi hawajui. Wanadhani wakifunga kwao inatosha.

Ndiyo maana watu wanaishia nikahi za sebuleni, hazisajiliwi. Kwa serikali hakuna ndoa ya pili, kwa hiyo hakuna kosa. Kwa mwanamke hakuna ndoa, kwa hiyo siku ya kuachwa au kufiwa hana pa kudai. Nimezika waume wa wanawake watatu ambao kwenye cheti cha kifo majina yao hayakuonekana popote. Mimi kampeni ninayoiunga mkono ni ya kusajili nikahi. Ya wake wengi sijui, nawaachia nyie.

#9 MtuwaMutrah

Naongezea kutoka Muscat kwa kifupi. Mitara hapa ni halali, hakuna anayeuliza. Lakini Momani aliyetaka kuoa mgeni, akiwemo binti wa Unguja au Pemba mwenye babu mmoja na yeye, ilibidi aombe kibali Wizara ya Mambo ya Ndani, utaratibu wa tangu 1993. Watu walikuwa wakioa kimyakimya Zanzibar, watoto wanakaa miaka bila karatasi za baba. Kibali kimeondolewa kwa Amri ya Sultani namba 23 ya mwaka 2023.

Maana yake mleta uzi yuko sahihi kuliko anavyojua. Hata palipohalalishwa, mlango wa ndoa na mlango wa nchi una funguo mbili.

#10 Shela_Kibaoni

Kenya nako, jama, mnatusahau. Sheria ya Ndoa ya 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliisaini Aprili. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu zinaruhusu wake zaidi, ya Kikristo, ya Kihindu na ya kiserikali mke mmoja. Kulikuwa na kipengele cha kumshauri mke wa kwanza, wabunge wanaume wakakinyofoa, wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi usiku ule kwa hasira. Kwetu kampeni ilishinda kabla ya kupigwa.

Sasa huyo mwenye cheti halali cha Kenya cha mke wa pili aende ubalozi wowote wa Ulaya. Umoja wa Ulaya una agizo la 2003 kuhusu familia kuungana: kama mke mmoja anaishi naye tayari, mwingine haruhusiwi. Ujerumani kwenye sheria mpya ya uraia ya 2024 wameweka wazi kwamba mwenye wake zaidi ya mmoja hapewi uraia. Ufaransa ndiyo ilikuwa na historia tamu. Mwaka 1980 baraza lao la juu la mahakama za utawala lilimruhusu Mbenini aitwaye Montcho kumleta mke wa pili, familia zikaungana kwa miaka kumi na tatu. Mwaka 1993 sheria ya Pasqua ikafunga, na waliokuwa tayari wameingia wakakutana na swali la kibali kila wakienda kuhuisha. Walitakiwa watengane, mke mmoja atafute nyumba nyingine. Paris, nyumba nyingine! Jaribuni kupata moja kwanza.

Na Mayotte, watu wa karibu yetu kabisa, mitara ya sheria ya dini ilikuwepo hadi Ufaransa ilipoamua kuikata kwa waliofikia umri wa kuoa kuanzia 2005.

#11 DadaMkali255

Swali. Mbona wote mnaongea wake wengi? Afrika Kusini mwaka 2021 serikali ilitoa waraka wa majadiliano, ukataja na mwanamke kuwa na waume wengi. Wanaume wenye wake wanne walilia kwenye televisheni kama wameibiwa ng'ombe.

#12 KisukiCha_Nazi

Kifungu cha 15 cha sheria yetu kimekukataza dada. Tulia.

#13 DadaMkali255

Kimenikataza mimi, hakijanikataza kuuliza. Ila fikiria foleni ya viza: mke na waume watatu, ofisa anamwambia chagua mmoja. Uzi huu ungefikisha kurasa mia tangu jana, na wote mngekuwa mnatetea haki za familia.

#14 Mwl_Nkinga

Niulize la kwangu, samahani kwa kuvuruga. Nimepata nafasi ya masomo Marekani, viza ya mwanafunzi. Nina wake wawili, Kiislamu. Nijaze nini? Naogopa nikisema kweli watanifuta.

#15 WakiliPori

Mwalimu, jaza kweli. Ile marufuku imeandikwa kwa mhamiaji, anayekwenda kukaa. Wewe unakwenda kusoma na kurudi, mitara yako ya Nkinga peke yake haikufungii viza ya masomo. Ila nafasi ya mke wa mwanafunzi ni moja, na wanayemtambua ni wa kwanza. Wa pili akitaka kukuona anaomba viza ya matembezi kwa jina lake, kwa sababu zake, na anaweza kunyimwa. Hatari ni siku utakayopata kazi huko ukataka ukaazi wa kudumu. Ulichoandika leo kitatolewa kwenye faili siku hiyo.

Na zungumza na wake zako wote wawili kabla hujajaza, si baada. Umesoma post namba 6?

#16 Mwl_Nkinga

Nimesoma. Nimemsomea na mke wangu mkubwa. Hajasema kitu, kaenda kulala.

#17 Shela_Kibaoni

Narudi kwa MkalimaniOhio. Wewe mwenyewe unataka nini? Umetueleza kampeni ya wenzio ina tundu, sawa. Ungepewa kalamu?

#18 MkalimaniOhio

Swali la haki. Sitaki kujifanya mtetezi wa mitara. Baba yangu alikuwa na wake watatu na nilikula kwa zamu, najua ladha ya uji wa nyumba isiyo na zamu leo.

Kuhalalisha ndoa za wengi Marekani nzima sioni kesho wala keshokutwa. Mwaka 2015 walipopitisha ndoa za jinsia moja, Jaji Mkuu Roberts kwenye maoni yake ya kupinga aliandika kwamba mantiki ile ile inaweza kudai ndoa ya watu watatu. Ndani ya wiki jamaa mmoja wa Billings, Montana, akaenda kuombea leseni mke wake wa pili. Akanyimwa. Na ndani ya ofisi za uhamiaji hofu ni hesabu: mume au mke wa raia hana foleni ya idadi, akishakuwa raia naye anaombea wazazi na ndugu. Zidisha kwa wanne. Nadhani hii ndiyo sababu wapiga kampeni hawataki hata kuligusa, wanajua likiguswa kura zinakimbia.

Ningepewa kalamu ningeomba vitu vidogo viwili. Mama wa mtoto aliyeruhusiwa aingie kwa sababu ni mama, bila kuulizwa kitanda. Na familia iliyogawanywa kesi mbili ipelekwe mji mmoja. Kivu wasingekuwa saa kumi na mbili kwa gari. Hili la pili halihitaji hata Bunge, linahitaji mtu mmoja mwenye ramani na huruma.

#19 BintiPangani

La kwanza silipingi. Mtoto hana kosa, hata yule wa kwenye theluji. Lakini ongeza la tatu: mtu akileta talaka ya mwezi jana na ndoa ya wiki hii, aliyeachwa apigiwe simu aulizwe amepewa nini. Swali moja tu.

#20 MkalimaniOhio

Limeandikwa, dada.

#21 KivuKwetu

Asante kwa wote mulioandika. Mama nimemusomea uzi wote kwa simu, mpaka maneno ya dada wa Pangani. Alisema, "Huyo mama mukubwa ana haki ya kukasirika, umusalimie."

Sasa nina shida ya kweli. Mama naye amefikisha miaka mitano, anataka uraia. Kwenye ile fomu kuna mahali pa hali ya ndoa. Hajafiwa. Hajaachwa, baba hakumuacha siku hata moja. Wakisema hajawahi kuolewa, ana watoto sita wa baba mmoja na mahari ilitolewa, ng'ombe wanne, babu alishuhudia. Mimi ndiye ninamujazia. Niweke alama wapi?

#22 WakiliPori

Usiweke alama yoyote leo. Na usijaze wewe. Apate wakili au shirika lenye ruhusa ya kushughulikia uhamiaji, mengi hayatozi kitu kwa wakimbizi.

#23 MkalimaniOhio

Namuunga mkono Wakili. Naongeza: cha kwanza atakachoulizwa ni mama alijibu nini kambini. Kila kitu kilichosemwa kwenye mahojiano ya Nyarugusu kiko kwenye faili, hasa ile fomu ya maombi ya ukimbizi, I-590, na ofisa ataiweka mezani pembeni ya hii mpya. Zikipishana, hapo ndipo balaa. Nakala alipewa? Mwulize kama karatasi za kesi bado anazo, zote, hata zile za rangi zilizofifia. Nikutumie namba yangu kwenye ujumbe wa ndani, siku ya kikao nitakalimani bure kwa simu.

#24 KivuKwetu

Nimemuuliza sasa hivi. Ziko zote. Ziko chini ya kitanda, ndani ya mufuko wa unga wa WFP, ule ule wa Nyarugusu. Amekataa kuutupa tangu tufike. Anauliza kama aende nao hivyo hivyo au anunue bahasha.

#25 MkalimaniOhio

Mwambie aende nao hivyo hivyo.